Picha Yangu Mlangoni mwa Kompyuta

Nianze na kosa langu, nisije nikaambiwa nimelificha. Nilicheza singeli, ule muziki wa kasi wa vijana. Nilicheza nimevaa sare ya kikundi, kanga nimeifunga kiunoni, mikono juu, mdomo wazi mpaka pengo la juu linaonekana. Ilikuwa Mbezi Beach, kwenye harusi ya binti wa mwanachama wetu. Wenzangu walikuwa wameshapanda gari na masufuria yao wamerudi Temeke. Nilibaki mie na mjukuu wangu tukikusanya sahani za mwisho. Mpiga muziki akaweka wimbo wa kufungia. Nikatazama huku, nikatazama kule, sikuona mtu wa kunijua, hata mama wa bibi harusi alikuwa ameshaondoka. Nikacheza.

Mjukuu wangu alikuwa na simu.

Ili mjue ukubwa wa kosa lenyewe lazima niseme habari za kikundi. Sie wanawake wa mtaani kwetu tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Mwenzetu akifiwa tunakwenda na turubai, viti na masufuria, tunapika, tunaosha, tunarudi. Akiozesha, vilevile. Mwenyekiti ni mie tangu kilipoanza. Shule niliishia darasa la tatu. Herufi kubwa nazisoma vizuri, zile ndogo nazisoma kwa kubishana nazo. Kiti sikupewa kwa usomi, nilipewa kwa ukali. Msibani mtu akianza kupiga soga karibu na wafiwa, simwambii kitu, namtazama tu, ananyamaza. Anayechelewa ananiona kwa mbali anaanza kukimbia. Wanawake wengi namna ile ukiwachekea siku moja, siku ya pili wali unaungua na kila mtu anasema hakuwa zamu.

Kati ya sheria zangu iko moja inayosema: kukata mauno na sare ya kikundi ni marufuku. Adhabu yake ni kuosha masufuria yote ya kikundi, ndani na nje, kwa stilwaya na jivu, mpaka masizi yaishe. Sheria hiyo niliitunga kwa ajili ya katibu wetu. Yeye ni mama mnene, mcheshi, aliyekuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mizigo kule Kurasini mpaka alipostaafu. Siku moja kwenye harusi alipanda juu ya meza ya wakwe, na sare yetu mwilini, akazungusha kiuno mpaka meza ikakaa upande. Nilimwoshesha masufuria siku nzima. Aliosha huku anaimba, jambo lililoniudhi zaidi. Tangu siku hiyo akawa anakitaka kiti changu, na hakuficha. "Kikundi si jeshi," alikuwa akiwaambia wenzake pale bombani, kwa sauti ya kunifikia. "Mwenyekiti wetu akicheka mara moja tu, mie naacha kugombea."

Sasa mjukuu wangu. Ni msichana mtu mzima, ana steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu: anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti. Mie na yeye ni wake wenza. Babu yake, Mungu amrehemu, alimwita mke mdogo tangu anatambaa, akawa anamkatia minofu mbele yangu na kuniambia, "Wewe mzee, kula mchuzi." Babu ameondoka, utani umebaki, na utani wetu una sheria zake. Hakuna kukasirika, hakuna kubembeleza. Ukinuna umeshindwa. Ukisema "basi, mwenzangu" umeshindwa vibaya zaidi. Ukifanyiwa lako, unatulia, unatafuta la kumrudishia.

Asubuhi moja nilimpelekea chai na mihogo dukani. Nikamkuta ndiyo kwanza amewasha kompyuta, ameinama anafagia. Nikatazama kioo. Nikajiona mwenyewe, mzima mzima, mikono juu, pengo nje. Juu yangu yamepita maandishi meupe, na chini ya miguu namba zinahesabu kurudi nyuma: tisa, nane, saba.

"Shikamoo, mke mwenza," akasema, anafagia tu.

"Marahaba. Hiyo nini?"

"Ipi?"

"Hiyo kwenye kioo."

"Aa, hiyo! Hiyo menyu. Hapo mashine ndiyo inaamka, inauliza iingilie mlango gani. Humu ndani kuna mifumo miwili, Linux ninayofanyia kazi, na ule wa zamani iliokuja nao toka kiwandani. Usipoijibu, sekunde kumi zikiisha inajiendea kwenye Linux. Zamani palikuwa peusi tupu, kama kaburini. Nikaona nipapambe."

"Ukapapamba na mie."

"Nani mwingine mzuri humu ndani?"

Kabla sijajibu namba zikaisha, nikatoweka, yakaja mambo ya kawaida ya kazi. Lakini nilikuwa nimeshaona kila kitu. Maandishi yenyewe yalikuwa mistari michache, na ule uliochaguliwa ulikuwa na utepe mweupe nyuma yake. Utepe huo ulinipita kiunoni kabisa, kama nimevaa shanga, nami ni mjane mwenye wajukuu.

Nikajikaza. "Umenipunja," nikamwambia. "Ungeniweka mkubwa zaidi, pengo halionekani vizuri." Nikaweka chai juu ya meza nikatoka.

Uani nilikaa kwenye kigoda nikapiga hesabu. Mkutano wetu wa mwaka ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, hapohapo uani kwangu, na ulikuwa mkutano wa uchaguzi. Tena mimi mwenyewe, kwa kujitapa kwangu, nilikuwa nimeshatangaza kwamba mali za kikundi mwaka huu hazitasomwa kwenye daftari kama zamani. Zitaonyeshwa ukutani kwa kompyuta ya mjukuu wangu na projekta ya kuazima, ili kikundi cha mtaa wa pili wasikie wafe kwa wivu. Picha ile ikionekana, nimekwisha. Nimevunja sheria yangu mwenyewe, na sare mwilini, na shanga juu yake. Katibu asingehitaji hata kuomba kura.

Kumwomba mjukuu aitoe nisingeweza. Angeitoa, lakini angenitania mpaka kaburini, na mbele ya waombolezaji. Nikaona dawa ni moja: niibadilishe mwenyewe, tena niweke yake.

Nikaanza kukaa dukani. Nilichukua ungo wa mchele, nikawa nachambua pembeni ya meza, jicho moja kwenye mchele na jingine kwenye kioo. Mjukuu akafurahi, akadhani nimezeeka natafuta mtu wa kuzungumza naye.

"Hizi picha zote zinakaa wapi?" nikamuuliza siku ya kwanza, kama mtu asiye na haja.

"Kwenye folda, bibi. Kama kabati."

Siku ya pili: "Na mie nimo kabatini?"

"Umo. Ona." Akabonyeza mausi mara mbili, kabati likafunguka, nikajiona mdogo kama stempu. Chini yangu kumeandikwa MLANGO, kwa herufi kubwa, Mungu hamtupi mja wake. "Mashine imeambiwa picha yake ya mlangoni ni hii inayoitwa mlango."

Sikumuuliza tena. Nilichambua ule mchele mpaka ukawa hauna hata chenga.

Siku ya tatu akaenda Ubungo kuchukua wino wa printa uliotumwa na basi. Akaniachia duka. Alipokata kona tu nikarudisha mlango, nikakaa kwenye kiti chake. Mausi ilinisumbua: ukiipeleka huku mshale unakimbilia kule, kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Lakini nimekwisha kulea watoto saba, kitu cha ukubwa wa andazi hakiwezi kunishinda. Nikafungua kabati. Nikaitafuta picha yake moja niliyoijua imo, maana aliinakili mwenyewe kutoka kwenye albamu yangu. Hapo ana miaka sita. Amejipaka wanja wangu mpaka masikioni, poda yangu usoni kama mwiko uliotoka kwenye ugali, amevaa viatu vyangu virefu na koti la babu yake, na analia mdomo wazi kwa sababu nimemkamata. Picha nzuri sana.

Kubadilisha majina nilikuwa nimeona anavyofanya kwenye kazi za wateja. Picha yangu nikaiita BIBI. Yake nikaiita MLANGO. Herufi moja baada ya nyingine, kidole kimoja. Ilinichukua mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Nilipomaliza nikafungua mlango wa duka, nikakaa nje kwenye benchi, uso nimeukunja kama kawaida.

Sikuizima mashine nikaiwasha tena kuhakikisha. Kwanza alikuwa ameniambia kuizima ovyo kunaiharibu. Pili sikuwa na shaka. Nilikuwa nimefanya kazi kwa mikono yangu.

Kesho yake asubuhi nilipeleka chai makusudi nimechelewa, mashine imeshawaka. Sikutaka aone nakuja kuchungulia. Nikamtazama usoni. Hana habari.

"Umelala salama?" nikamuuliza.

"Salama, mke mwenza."

"Hujaona kitu?"

"Kitu gani?"

Nikasema moyoni, anajikaza huyu, amelelewa na mie. Siku ya pili hivyohivyo, siku ya tatu hivyohivyo. Nikazidi kumheshimu. Mtu anaanza siku na uso wake wa poda na machozi, asikunje hata paji! Kwa upande wangu hofu ya mkutano ikaisha. Ikabaki hamu.

Jumamosi wanawake walijaa. Turubai juu, viti chini, shuka langu jeupe ukutani. Mjukuu alikuwa ameileta mashine na waya zake mapema, akaiwasha mie nikiwa bado jikoni na watu hawajafika, kisha akaunganisha projekta. Mie nimekaa mbele kwenye meza, katibu kulia kwangu na daftari lake, amevaa sare imenyooshwa kama ya bibi harusi. Wagombea uenyekiti tulikuwa wawili tu, mie na yeye. Akapewa nafasi ya kujieleza.

"Ndugu zangu," akasema, "mwenyekiti wetu ni mchapakazi, sina neno. Lakini tuulizane. Nani hapa amewahi kuona meno yake?"

Wakacheka chini chini, wengine wakanitazama wakaacha.

"Mie nataka kikundi chenye furaha. Tuzikane vizuri, lakini na tuozeshane vizuri. Mtu akisikia ngoma kiuno kikamwasha, aoshe masufuria kwa nini? Kiuno ni chake!"

Akapigiwa makofi kuliko nilivyotarajia. Nikasimama nikasema maneno yangu machache: sheria ni sheria, na asiyeitaka ajue mwenyekiti hana mtoto wala shoga kwenye sheria. Makofi yakawa ya kuhesabika. Nikaona mizani inalala upande wa mwenzangu. Basi nikaamuru zionyeshwe mali.

Zikaonyeshwa. Viti vilivyopangwa juu ya viti, turubai la bluu, masufuria makubwa yamekaa kwenye mchanga kama viboko. Wanawake wanasema "eee!" kila picha. Wakaanza kunitazama vizuri tena. Ndipo katibu, kwa furaha yake ileile ya kuwahi kila jambo, akachomeka lile jagi kubwa la kuchemshia maji ya chai, kwenye soketi ileile ya projekta na spika. Swichi kuu ya nyumba ikashuka. Kila kitu kimya.

"Nani amechomeka?" nikauliza.

"Chai ya watu, mwenyekiti," akajibu. "Au nayo marufuku?"

Mjukuu akachomoa jagi, akakimbilia nyuma ya nyumba kuipandisha swichi. Feni ya sebuleni ikaanza kuzunguka, projekta ikawaka, ikatupa mwanga wa bluu kwenye shuka. Kompyuta yenyewe ilikuwa imezimika. Wanawake wakaanza kuzungumza, na mkutano ukianza kuzungumza umekufa.

Hapo ndipo shetani wa utani alipoingia. Kitufe cha kuiwashia nilikuwa nakijua. Nikaona hii ndiyo nafasi: picha ya yule mtoto wa poda, ukubwa wa ukuta, mbele ya kikundi kizima, naye anarudi kutoka kwenye swichi anajikuta analia kwenye shuka. Nani angesema tena mwenyekiti hana furaha? Nikajisafisha koo.

"Tulieni," nikawaambia. "Mmesema sichekeshi. Tazameni ukutani. Kabla ya mali za kikundi, kuna pambo la huyu mjukuu wangu."

Nikabonyeza.

Shuka likawa jeusi kidogo. Kisha nikatokea mie.

Nilikuwa mrefu kuliko mlango. Mikono imefika kwenye dari ya turubai. Pengo lilikuwa la kupita paka. Na ile kanga ya kikundi ilikuwa imekaza kiunoni mpaka unaweza kuhesabu maua yake, na utepe mweupe umeizunguka palepale.

Wanawake wakanyoosha shingo.

"Mwenyekiti?" sauti moja ikauliza, kama mtu anabisha hodi.

"Siye huyo. Labda mdogo wake."

"Mdogo wake ana pengo lilelile?"

"Na sare si yetu hiyo!"

"Jamani, na shanga!"

Chini ya miguu yangu namba zilikuwa tisa, nane. Sekunde nane nilikuwa naweza kuzivumilia, lakini sikuwa na akili za kuvumilia. Nikataka kuiharakisha. Nikabonyeza kitufe cha kwanza kilichokuwa chini ya kidole kwenye kibodi, kile chenye mshale wa kushuka. Namba zikafutika. Nilikuja kuambiwa baadaye: ukigusa kitufe pale, mashine inajua kuna mtu, inaacha kuhesabu, inakusubiri wewe uamue, hata mpaka kesho. Na ule utepe mweupe, kwa sababu niliubonyeza mshale wa chini, ukatoka kiunoni ukashuka mapajani.

"Shanga zimeshuka!"

Nikabonyeza mshale wa juu.

"Zimepanda!"

Hapo kikundi kikavunjika. Mama mmoja muuza samaki alianguka na kiti chake. Mwingine alikuwa anajipiga mapaja na kulia. Wale wa nyuma walisimama juu ya viti vya kikundi, na hiyo nayo ni marufuku. Nikasikia mtu anasema, "Bonyeza tena, mwenyekiti, mara moja tu, mama yangu hakuona!"

Mjukuu alitokea kwenye kona ya nyumba akajiona yuko mbele ya maafa. Nilitazamia acheke. Hakucheka. Akakimbia kuja kwenye kibodi. "Bibi, samahani, nazima, nazima..."

"Acha," nikamwambia.

"Bibi..."

"Nimesema acha. Wameshaona."

Kwa maana katibu alikuwa ameshasimama. Amenyoosha kidole juu kama mtoto wa shule, macho yanamng'aa. "Naomba utaratibu! Naomba sheria ya kikundi inayohusu mauno isomwe mbele ya wanachama!"

"Haisomwi," nikasema, "naijua kwa kichwa." Nikaisema yote, neno kwa neno, sauti ileile ninayoisemea wengine, na nyuma yangu yule mwingine anacheka mpaka pengo. "Sare ni ya kikundi. Kiuno ni changu. Mwenye kosa ni mie. Masufuria yote, kesho asubuhi, ndani na nje. Katibu, andika."

Akaandika.

"Swali," akasema alipomaliza. "Mwenye adhabu anaweza kugombea?"

"Wewe uligombea ukatibu una masizi kwenye kucha."

Hapo walimcheka yeye, naye akacheka kuliko wote, ndiyo tabia yake. Akakaa.

Sie tunachagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Wagombea wanatazama mbele, kugeuka hakuruhusiwi. Basi nikasimama, katibu akasimama pembeni yangu, nyuma yetu nikasikia ndala zinaburuzwa, watu wanasukumana, wanaitana. Huwezi kujua wanakwenda kwa nani. Na mbele yangu, kwa kuwa nilikataa izimwe, nilikuwa natazamana na picha yangu. Sikuwa nimewahi kuitazama vizuri. Nilikuwa nimeitazama kama mtu anayetazama nyoka. Yule mwanamke ukutani hakuwa na habari na mtu. Hakuwa na kiti, hakuwa na mstari nyuma yake. Nikajiuliza wimbo wenyewe ulikuwa gani, sikukumbuka.

"Geukeni!" akaita mama aliyesimamia uchaguzi.

Nikageuka. Mstari wangu ulikuwa umetoka nje ya turubai, umepinda kwenye karo, umefika kwenye mlango wa choo. Wa katibu uliishia kwenye kamba ya nguo.

Wa kwanza nyuma yangu alikuwa yule muuza samaki, bado anafuta machozi. "Nimekuchagua," akaniambia, "lakini picha ibaki. Ukiitoa nahama mstari."

"Kaa vizuri kwenye mstari," nikamjibu.

Jumapili niliosha. Masufuria ya kikundi ukiyaona kwa mbali ni makubwa, ukiyaosha ni makubwa zaidi, unaingia ndani mpaka mabega. Katibu alikuja mapema, akajiletea kigoda, akakaa kivulini na kikombe cha chai, kukagua. Ni haki yake, sheria inataka shahidi.

"Hapo bado, mwenyekiti. Kuna masizi."

"Nimeona."

"Na pale kwenye mkono. Mimi niliambiwa nirudie mara tatu pale."

Nikarudia. Nikamwambia, kwa sababu mikono ikifanya kazi mdomo nao unalegea, habari yote ya folda na majina. Mjukuu alikuwa ameshanieleza jana yake, baada ya kuniangukia miguuni na kuniomba radhi, kisha kuanza kucheka palepale miguuni. Kumbe kubadilisha ile ya kabatini hakutoshi. Mashine ilikuwa imeshajinakilia picha yangu mahali pake pa kuamkia, na haiangalii tena kabatini mpaka uiamuru kwa maandishi isome upya. Zile siku zote nilizodhani anajikaza, mtoto wa watu alikuwa anamwona bibi yake vilevile kila asubuhi.

Katibu alisikiliza mpaka mwisho, chai imepoa.

"Ndiyo muhtasari huo," akasema.

"Muhtasari gani?"

"Nyie mnaweza kuamua mkutanoni mpaka jioni. Mie nisipoandika, hamjaamua kitu. Mashine nayo ina katibu wake." Akaweka kikombe chini. "Amri yenyewe ni ndefu?"

"Maneno mawili. Ameyabandika kwenye karatasi chini ya rafu, anayasahau."

"Mwenyekiti, nimechapa barua za makontena Kurasini miaka na miaka, herufi ndogo, kwa Kiingereza, bosi amesimama nyuma yangu. Maneno mawili yatanishinda?"

Nikatoa kichwa kwenye sufuria. Tukatazamana. Tangu siku ya meza ya wakwe hatukuwa tumetazamana hivyo.

"Osha upande ule," akasema, "mie nafikiria."

Jumanne mjukuu alikwenda tena Ubungo. Alipokata kona, katibu akatoka kwa jirani alikokuwa amejibanza. Mie nikasimama mlangoni, yeye akakaa kwenye kiti, akavunja vidole kama anaanza zamu. Karatasi ilikuwa palepale chini ya rafu: sudo update-grub. Aliyachapa maneno yale hata sijamaliza kupepesa macho.

"Inataka neno la siri," akasema.

Nilikuwa nalijua. Mjukuu kila akiliandika analitamka, silabi kwa silabi, anadhani mie nachambua mchele. "Andika mkemwenza. Bila nafasi."

Akanitazama. Akaandika. "Haiandiki! Nabonyeza, hakuna kitu kinatokea!"

"Wewe bonyeza. Hata yeye haimwonyeshi, inaandika moyoni."

Akabonyeza mpaka mwisho, akapiga kile kitufe kikubwa cha pembeni. Mistari ikashuka, mifupi, ya haraka haraka, kisha ikasimama. Katibu akaisoma yote midomo inacheza.

"Imekubali," akasema. "Imetaja picha kwa jina. Mlango." Akashusha mikono. "Mwenyekiti, imeandikwa."

"Na ile ya kwangu?"

"Ipo kabatini, jina lake Bibi. Mama wa samaki akiuliza, mwambie tunapokezana."

Jumatano, saa moja asubuhi, tulikuwa kwenye benchi nje ya duka, mie na katibu, kila mtu na kikombe chake. Mjukuu akaja na funguo, akashangaa.

"Shikamooni. Kuna nini leo?"

"Marahaba," tukasema kwa pamoja.

"Katibu ana barua ya kuchapa," nikasema. "Fungua, watu wana kazi."

Akafungua. Akafagia kidogo. Katibu akawa ameweka kanga mdomoni, nikamkanyaga mguu. Mie uso wangu nilikuwa nimeukunja sawasawa, kama msibani. Kupitia dirishani nikamwona ananyoosha kidole, anabonyeza kitufe.